Malalamiko Mia Nne na Kumi na Mawili

Nakopi, 14 Januari 2023

Mdogo wangu Shafii,

Assalaam aleikum. Natanguliza salamu za Mama, maana nisipozitanguliza nitaulizwa. Goti lake la kulia limetulia, sasa la kushoto ndilo limeshika zamu. Nilikuwa naye Magomeni ya Mtwara Ijumaa iliyopita. Kila anayetoka Dodoma anamuuliza kama huko mnapata samaki, na akiambiwa wapo wa barafu, anakusikitikia kama mfungwa. Mkeo Farida na watoto uwasalimie sana.

Huku Nakopi mvua imekuja kwa pupa. Ruvuma imepanda, na viboko wamepanda nayo, wanafanya karamu kwenye mpunga wa watu. Ofisi yangu inavuja palepale inapovuja kila mwaka. Nimeisogeza meza upande wa dirisha, kazi inaendelea.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Nikipiga unasema, "Dada, niko kikaoni," na hata sauti ya kikao chenyewe siisikii. Halafu unajua Baba alivyotulea: simu ni ya salamu na misiba, neno zito huandikwa. Kwa hiyo nimeandika, na bahasha naipa basi.

Juzi nilikusikia redioni. Mtangazaji akakutaja kwa majina yote, Dokta Shafii Alawi, mtaalamu wa utawala wa umma na upimaji wa utendaji wa serikali. Nikamwambia mhudumu wa ofisi, "Huyo nimemwogesha mimi." Hakuamini. Nilikaa nikicheka peke yangu, nikikumbuka tulivyokuwa tukicheza ofisi nyuma ya jiko letu Mikindani, mimi Bwana Mkubwa, wewe mwananchi mwenye shida, na muhuri wetu wa muhogo mbichi tuliouchonga kwa kisu cha Mama. Shida yako ilikuwa moja tu kila siku, kwamba Dada Warda amekupunja samaki.

Nina swali dogo. Ni kweli kwamba mtendaji wa kata akishika mkia miaka miwili mfululizo katika upimaji wenu, anaondolewa? Na mnatumia nini hasa kumpima? Nauliza kwa ajili ya mwenzetu mmoja. Mwaka juzi alishika mkia, matokeo ya mwaka jana bado hayajatoka, na chakula hakimpiti kooni.

Dada yako,
Warda


Dodoma, 9 Februari 2023

Dada Warda,

Shikamoo. Barua yako ilikaa siku tisa kwa wakala wa basi kwa sababu jina langu uliliandika bila "Dokta", na wao humu mjini wananijua kwa hilo tu. Utacheka, najua. Sisi hatujambo. Farida anakusalimu, mkubwa wetu anafanya mtihani, mdogo ameng'oka jino la mbele na anapiga miluzi mezani.

Umenirudisha mbali na ule muhuri wa muhogo. Mimi hapa nina ofisi yenye kiyoyozi na kiti kinachozunguka, lakini nikifumba macho naiona baraza yetu ya Mikindani siku ya Alhamisi. Baba ametoka kazini, karani mwenye mkoba mweusi, hajavua hata viatu. Watu wamekaa kwenye benchi mpaka kwenye ngazi. Mmoja mmoja anasema lake, Baba anaandika kwenye daftari, nami nimeshika chupa ya wino nisimwage. Asubuhi yake analibeba daftari kwa wakubwa. Hakuna aliyemtuma kufanya vile. Dada, kila nilichosomea kilianzia pale. Nilipokuwa afisa utumishi mdogo Mtwara, nilipokwenda kusoma, nilipoandika tasnifu yangu ya uzamivu, nilikuwa natafuta jambo moja: serikali itajuaje kama mtu wa mwisho kwenye benchi amehudumiwa?

Nikapata jibu, na ndilo linalotumika sasa. Kata inapimwa kwa viashiria kumi na viwili. Cha saba ni changu mwenyewe, na kina uzito kuliko vyote: idadi ya malalamiko yaliyoandikwa. Huduma ikiwa nzuri, malalamiko hupungua. Nilikijaribu katika miji mitano na kilikubali kila mahali.

Na ni kweli, anayeshika mkia mara mbili anaondolewa. Mwambie mwenzenu apunguze malalamiko, atapona. Sisi hatuoni majina, tunaona namba za kata tu, ili tusipendelee. Ipo kata moja huko kusini ina malalamiko mia nne na kumi na mawili kwa mwaka mmoja! Kata jirani haina hata moja. Nilijiuliza mtendaji wa hiyo kata anafanya kazi gani kutwa nzima.

Nina habari nyingine, usimwambie Mama bado. Jina langu limepelekwa juu. Mwezi wa tano huenda nikawa mkurugenzi wa upimaji nchi nzima. Niombee.

Na wewe kazi inakwendaje? Umeandika juu ya viboko tu.

Mdogo wako,
Shafii


Nakopi, 5 Machi 2023

Mdogo wangu, Dokta (nimeliandika, wasije wakaikalia na hii),

Marahaba na hongera. Mama sijamwambia, ila ameota umevaa kanzu nyeupe umepanda ngazi, kwa hiyo ni kama anajua. Huyo mpiga miluzi mwambie shangazi yake amemwekea ubuyu.

Kazi inakwenda. Miaka kumi na tisa sasa niko hapahapa, watoto niliowaandikia vyeti vya kuzaliwa wananiletea watoto wao. Ukitaka kujua nafanya kazi gani kutwa nzima, nikwambie ya Alhamisi.

Alhamisi huwa nafungua mlango saa mbili, naweka benchi nje, nachukua daftari. Watu wa huku hawaandiki, Shafii. Wengine hawajui, wengine wanajua lakini karatasi ya serikali wanaiogopa. Mwaka wa kwanza niliweka sanduku la maoni ukutani. Nilipolifungua baada ya miezi sita nilikuta kiota cha nyigu. Nikalitoa. Tangu hapo wanasema, mimi naandika. Bi Rehema wa kule mikokoni anakuja kila wiki kwa ajili ya pampu ya kisima. Mzee Nassoro analalamikia viboko, na akimaliza viboko analalamikia bei ya chumvi, na akimaliza chumvi analalamikia wakwe zake, na hao nao nimewaandika mara moja ili anyamaze. Kila lalamiko nalipa namba, nagonga muhuri, napeleka halmashauri. Wameletewa mganga wa zahanati kwa njia hiyo. Wamepata mwalimu wa hesabu. Pampu bado.

Kata jirani mtendaji ni kijana anaitwa Erasto, mpole, hana ubaya na mtu. Sanduku lake lina kufuli yenye kutu, na ufunguo ulipotea kabla hajahamia. Mwaka huu kapewa cheti cha mtendaji bora, kimewekwa kwenye fremu. Nilikwenda kumpongeza. Akaniambia, "Dada Warda, mimi mwenyewe sijui nimefanya nini."

Nilikuwa nafikiri tu ningekusimulia.

Dada yako,
Warda


Dodoma, 28 Machi 2023

Dada Warda,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Tumefunga salama. Joto la huku halina huruma, na futari ya Farida haina pweza, basi saa ya kufuturu ndiyo nakuwa mtu wa Mikindani kuliko saa nyingine yoyote. Natamani uji wa Mama wa pilipili manga. Nimemtumia dawa ya goti, na wewe Farida amekununulia kanga, vyote kwa basi la Jumatano.

Ya Erasto nimeyasoma. Kila kanuni ina watu wachache inaowakosea, dada, ndiyo hali ya kanuni. Ukianza kuitazama kata moja moja, hutapima kitu.

Naandika kwa haraka, kuna vikao vingi mwezi huu. Tusameheane kwa ajili ya mwezi mtukufu.

Shafii


Nakopi, 4 Juni 2023

Shafii,

Assalaam aleikum. Mama mzima. Kanga ilifika.

Malalamiko mia nne na kumi na mawili niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye madaftari matatu. Nadhani hilo unalijua, maana barua yako ya Machi ilikuwa fupi mno kwa mtu asiyejua.

Nimepewa barua yangu. Kuanzia tarehe mosi Julai si mtendaji tena. Napelekwa masjala ya halmashauri, kupanga mafaili. Sababu imeandikwa: kushindwa kushughulikia kero za wananchi.

Uniache niseme linaloniuma, kwa sababu si cheo. Habari ilienea kwamba Mama Mtendaji anafukuzwa kwa ajili ya malalamiko ya watu. Alhamisi iliyofuata walikuja wengi kuliko siku zote, wamevaa nguo za Idi. Nikafungua daftari. Mzee Nassoro akasimama kwa niaba yao akasema, "Tumekuja kufuta." Nikauliza kufuta nini. Akasema, "Yote. Viboko hawapo tena. Chumvi ina bei nzuri." Bi Rehema akaniambia kisima kimepona, anaona raha kuteka maji, na ndoo aliyoishika ilikuwa na maji ya mtoni, nayaona machafu kwa macho yangu. Waliniomba nichane kurasa mbele yao, wakidhani nikizichana nitabaki. Nililia, Shafii. Nililia mbele ya watu, mimi ambaye hata siku ya kumzika Baba nilijikaza.

Sasa nisikilize. Hongera ya ukurugenzi nimeisikia redioni. Usimpigie mtu yeyote simu kwa ajili yangu. Ukinirudisha kwa udugu, utakuwa umenipima vibaya mara ya pili, na watu wakisema napendelewa watakuwa wamesema kweli. Sikuandika ili uniokoe. Kama ningetaka hivyo ningekwambia Januari.

Warda


Dodoma, 22 Juni 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Salamu zangu zipokee hata kama huzitaki. Nyumbani wote wazima.

Nilijua. Barua yako ya Machi ilipofika niliisoma mara mbili, nikafunga mlango wa ofisi, nikafungua orodha ambayo mimi mwenyewe niliamuru isifunguliwe, nikatafuta namba ya kata yenu. Nikaona. Nikaona pia kwamba ile miji yangu mitano yote ina watu waliosoma, wenye simu na namba ya kupigia. Mahali ambapo mtu hawezi kuandika, hakuna lalamiko mpaka atokee wa kumwandikia. Nilikuwa nahesabu watendaji wanaosikiliza, na kila aliyesikiliza nikampa sifuri. Mtu niliyeshika chupa ya wino kwenye baraza ile!

Lakini uteuzi ulikuwa wa mwezi wa tano. Nikajiambia nisubiri uteuzi upite, nikishakuwa mkurugenzi nitarekebisha kwa nguvu zaidi. Mtu msomi hakosi sababu nzuri. Ulipata barua yako wiki ileile niliyoapishwa. Naona aibu, dada, na sijui namna ya kulisema hili kwa maneno makubwa zaidi ya hayo.

Sikumpigia mtu simu. Nimeandika waraka wa kurasa nne kwa wakubwa wangu. Kata yenu sikuitaja. Nimeeleza kwamba kiashiria cha saba ni kosa langu, kwamba nchini kote watendaji thelathini na mmoja wameondolewa kwa kosa hilo, na kwamba nililijua kwa miezi mitatu kabla ya kusema. Rafiki zangu waliniomba niufute ule mstari wa mwisho. Nimeuacha.

Sijajibiwa.

Shafii


Nakopi, 15 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Mama anakusalimu. Amesikia umevuliwa ukurugenzi na umerudishwa kufundisha chuoni, akasema afadhali, walimu wana likizo. Anapanga likizo yako kabla yako.

Naandika kutoka mezani kwangu. Upimaji umefutwa, thelathini na mmoja tumerudishwa, na mimi nilirudi mwanzoni mwa Septemba. Barua ya kunirudisha haikusema pole, ilisema "kwa marejeo ya waraka". Nilikaa masjala miezi miwili. Nilipanga chumba mjini, Likombe, jioni nasikiliza redio za majirani na kukumbuka vyura wa Nakopi. Hata viboko niliwakumbuka, Mungu anisamehe.

Hasira yangu kwako ilikuwa kubwa. Ule mstari uliokataa kuufuta ndio ulioipunguza. Haijaisha.

Lakini nina shida, na safari hii nakuambia mapema. Nimefungua mlango Alhamisi sita. Benchi liko nje, daftari liko mezani. Wanapita, wananisalimu vizuri, wananiletea mabibo na mihogo, wananiuliza habari za Mama. Hakuna anayekaa. Nikiwauliza shida, wanasema hawana. Pampu haijatengenezwa, mpunga umeliwa, na mwalimu wa hesabu amehama tena. Nimewaeleza kwamba sheria imebadilika, wakanijibu, "Ndiyo, mama," kwa adabu, wakaenda zao. Kata yangu haina lalamiko hata moja, Shafii. Kwa kipimo chako cha zamani, cheti cha Erasto kingekuwa changu.

Njoo uwaambie wewe. Wala usije na gari la serikali.

Warda


Magomeni, Mtwara, 18 Novemba 2023

Dada Warda,

Shikamoo tena, ingawa tumeachana jana asubuhi. Mama amelala, goti linamsumbua kidogo lakini jana alikula vizuri. Ananilisha pweza kana kwamba nilikuwa kifungoni kweli. Nilitaka kukuambia haya uso kwa uso nikashindwa, basi nimeyaandika, na kesho nikiondoka Mama atakutumia bahasha.

Uliona Alhamisi asubuhi nilivyosimama barazani kwako kuwaambia kwamba kosa lilikuwa langu. Uliona walivyoitikia kwa adabu na kutawanyika. Ulinitazama, ukasema unakwenda kwa mganga kuchukua taarifa ya chanjo, ukaniacha na daftari. Nilidhani umeniacha nionje kukaa peke yangu, na nilistahili.

Hukufika hata kwenye mikoko, Bi Rehema akaingia. Alichungulia nje kwanza, akarudishia mlango. Akasema, "Baba, wewe ndo nduguye? Niandikie ya pampu. Ila usimwambie Mama Ntendaji. Akijua ataiandika yeye, watamwondoa tena." Nikamwambia hawawezi tena. Akanijibu, "Hata mara ile tulikuwa hatujui kama wanaweza."

Nikaandika. Alipotoka, akaingia mwingine, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya choo cha ofisi akisubiri. Halafu mwingine. Walikuwa na mtoto wa shule kwenye kona, apige mluzi ukitokea. Kumbe hawakuacha kuwa na shida, dada, wala hawakuogopa serikali. Walikaa kimya miezi yote ile, wakinywa maji ya mto, ili wewe ubaki. Nimefundisha utendaji wa serikali miaka kumi na minne na sijawahi kukutana na kitu hicho kwenye kitabu chochote.

Nimeandika kumi na moja. Niliwaahidi sitakuambia, na ahadi hiyo naivunja sasa, utanisitiri. Jana nilipita halmashauri nikayakabidhi kwa sahihi yangu, wakanigongea muhuri wa kupokea. Nakala ziko kwenye bahasha hii.

Utaona namba inaishia kumi na mbili. La mwisho ni la Mzee Nassoro. Aliingia akakaa, akakataa kuzungumzia viboko. Akaniambia niandike kama anavyosema, nisirekebishe neno, nami nimeandika hivyohivyo: "Mama Ntendaji tangu arudi amekonda, nguo zinamvaa. Serikali iliyomchukua akiwa mnene imrudishe kama alivyokuwa." Alitaka namba na muhuri, nikampa vyote. Akauliza jibu litatoka lini.

Nililibeba mpaka halmashauri, dada, nikasimama nalo kwenye korido, nikasoma vibao vya milango yote. Sikujua nilipeleke idara gani.

Mdogo wako,
Shafii